Matembezi Yaliyoziba Saa

Abuku, Koboko
3 Juni 2025

Lukudu wangu,

…na ndiyo maana sikubali, hata ukiapa mbele ya mchungaji aliyetufungisha ndoa, kwamba wewe ndiye uliyeanza. Mimi ndiye niliyeanza kukupenda. Wewe ulikuwa bado umeshika jerikeni pembeni mwa uwanja wa shule, ukiwamwagia maji wakimbiaji wote sawasawa, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kupunguza mwendo kwenye ile kona ili maji yako yanipate vizuri. Mwalimu akapiga kelele, "Driwaru, unakimbia au unaoga?" Hukumsikia? Mimi namsikia mpaka leo, na ninacheka peke yangu kwenye barabara ya Koboko, watu wa baiskeli wakidhani mke wa mwana wa Mama Kiden amechanganyikiwa.

Unauliza kama hatutachoka na barua, maana simu zipo. Lukudu, barua ndizo zilizotuoza! Mimi Mlugbara wa Logiri sijui Kikakwa, wewe Mkakwa huwezi kuomba hata maji kwa Kilugbara, tukakutana kwenye Kiswahili cha vitabu vya shule na kalamu ya bluu. Nikikusikia kwenye simu nakupata nusu. Kwenye karatasi nakupata mzima. Tena mzee Anguzu akishuka kwenye lori la duka lenu kunipa bahasha yako, husema, "Chukua, bibi. Hii ni nzito kuliko mfuko wa sementi." Niache raha hiyo kwa ajili gani?

Hapa nyumbani mambo ni mazuri. Bado napika kwenye jiko la Mama. Hajaniambia nikawashe langu, anasema mkono wangu ni mzito kwenye simsim, ule ufuta wa kusaga, nikimpikia majani ya kunde anahisi amekula shamba zima. Na kama desturi yenu ilivyo, kila nilichokuja nacho kimevaliwa na wanawake wote wa nyumba ili kizoee ukoo. Viatu vyangu vya harusi vimeenda kanisani bila mimi. Kitambaa changu cha kichwa kimecheza ngoma ya watu nisiowajua. Hata ile saa ya kukimbilia uliyonivalisha siku ya harusi, mbele ya wajomba waliokuwa wanangoja pete, imepita mikono yote.

Sasa saa yenyewe ndiyo inayonitia hofu. Nakimbia kila asubuhi. Saa inahesabu, inanipongeza, inawasha taa yake ndogo. Lakini nikifungua programu yake kwenye simu, nakuta kiduara kinazunguka na neno "Inasawazisha", kinazunguka, kinazunguka, mpaka simu inazimika kioo. Mbio hazitoki kwenye saa. Kocha Elena amenitumia ujumbe kwamba tangu mwisho wa Mei hajaona hata mbio moja yangu, na kwamba anafunga orodha ya klabu yake ya mbio Ijumaa ya tarehe ishirini. Anachagua kwa rekodi za saa tu, ili asipendelee mtu.

Unajua maana yake. Nikiingia klabu, napewa chumba katika nyumba zao huko Arua, na mwenye ndoa anaruhusiwa kukaa na mwenzake. Mimi na wewe, mlango mmoja, ndoo moja ya maji. Nisipoingia, wewe utaendelea kulala chumba kimoja na mwenzako Draku nyuma ya duka ukisikiliza anavyokoroma, na mimi nitaendelea kukupenda kwa lori.

Nisaidie na hii saa, mume wangu.

Wako hadi kwenye kucha,
Driwaru


Arua
6 Juni 2025

Mke wangu, mke wangu, mke wangu,

Naliandika neno hilo mara tatu kwa sababu bado sijalizoea na sitaki kulizoea. Jana mteja alikuja kununua bawaba, nikamwambia, "Hata mke wangu anapenda hizi." Hujawahi kuona bawaba zangu hata siku moja. Nilitaka tu kulitamka.

Nilidhani umeacha kukimbia. Sikutaka kuuliza. Kila jioni baada ya kufunga duka nilikuwa nafungua programu ileile kwenye simu yangu, nauona ule mstari mwekundu wako ukitoka nyumbani kwetu Abuku, ukipita shuleni, ukirudi. Chini yake mapigo ya moyo wako, unapanda kwenye mlima, unashuka. Nilikuwa naweka kidole hapo juu ya moyo. Draku alinikuta akasema, "Wewe, hiyo ni simu, si kifua." Tangu mwisho wa Mei mstari haukuja. Nimekuwa naangalia mbio za zamani, kama tulivyokuwa tunasoma tena barua za shule wakati wa likizo, unakumbuka? Ile yenye doa la mafuta ya taa niliisoma mpaka ikakatika kwenye mikunjo.

Basi tusikilizane kuhusu saa. Nimemuuliza yule aliyetuuzia. Anasema saa haiongei na mtandao moja kwa moja, inaongea na simu kwa bluetooth kwanza, na bluetooth ni mtu wa sauti ndogo, lazima wakae karibu. Nikajipiga paji la uso. Simu yako inakaa wapi? Kwa Abdunoor, Koboko mjini, inachajiwa pamoja na simu za watu wengine. Na saa iko mkononi mwako Abuku. Unaenda kuchukua simu, zinaonana kidogo barabarani, jioni simu inarudi kwake. Mke wangu, saa yako na simu yako wanaishi kama mimi na wewe!

Fanya hivi. Kaa kwa Abdunoor, saa na simu zikiwa mezani pamoja. Zima ile hali ya kubana betri, maana simu ikibana betri inaifunga programu njiani. Mwombe Abdunoor aiondoe simu yako kwenye spika yake ya muziki, isije ikawa inahudumia wageni wawili. Zima saa, uiwashe tena. Ikigoma kabisa, futa uhusiano wao kwenye simu, uanze upya. Simu itakuuliza, "Oanisha?" Jibu kwa sauti, nami nitasikia huku.

Nakupenda kuliko mabati yote ya duka hili,
Lukudu


Abuku
10 Juni 2025

Mpenzi wangu mwenye bawaba,

Nimefanya yote. Nimekaa kwa Abdunoor karibu kutwa nzima, katikati ya simu za watu zilizoning'inia kwenye nyaya zao kama popo. Abdunoor aliniletea kigoda na chai.

"Bibi harusi, saa yako iko mgonjwa?"

"Haiongei na simu."

"Wamegombana. Hata mimi na mama wa watoto, siku zingine tunasawazisha hivyohivyo."

Mama mmoja aliyekuja kufuata simu yake akasema, "Binti, saa ni ya kuangalia saa. Hiyo ingine unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta nyumba ya kuishi na mume wangu. Akaitazama saa kwa heshima kidogo.

Nilizima hali ya kubana betri. Abdunoor alizima muziki, na wateja wakalalamika. Kiduara kilianza kutembea, safari hii na namba zake. Kikafika karibu na katikati. Halafu kijana wa jirani akawasha mashine ya kuchomelea vyuma, umeme ukakatika, simu yangu iliyokuwa na chaji kidogo ikazimika, na tulipoiwasha kila kitu kilianza tena kwenye sifuri. Ndivyo inavyofanya, Lukudu. Ikikatizwa, haikumbuki ilipofika.

Lakini nimegundua kinachoziba. Abdunoor alinionyesha ndani ya saa mahali zinapokaa kumbukumbu. Zimepanga foleni, ya zamani mbele. Na mbele kabisa, kabla ya mbio zangu zote za Juni, kuna kumbukumbu moja kubwa sana. Inaitwa "Matembezi". Ni ya kutwa nzima, na saa iliandika kila hatua na kila pigo la moyo. Mbio zangu ndogo zote zimesimama nyuma yake, kama watu wenye ndoo wanaongoja ng'ombe atoke kisimani.

Ni matembezi tu. Marefu.

Nimekumbuka leo ulivyonivusha mto wa Logiri ule mwaka wa mafuriko, ukajifanya maji si baridi huku meno yanagongana. Nimeshona kanga yangu ile ya kijani iliyochanika. Mama anakusalimu, anasema magoti yake yamevimba lakini usiwe na wasiwasi.

Wako,
Driwaru


Arua
12 Juni 2025

Malkia wa Abuku,

Tumepona! Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama juu ya ngazi na nusura nianguke na ndoo ya rangi. Kama ng'ombe mmoja ndiye anayeziba kisima, mtoe ng'ombe!

Yule muuzaji amenieleza. Ndani ya saa, pale mlipoiona hiyo kumbukumbu, bonyeza kitufe cha juu na ukishikilie mpaka swali litokee, kisha kubali. Itafutika hiyo peke yake, na mbio zako zote zitapita siku hiyohiyo, kwa sababu kila moja ni ndogo. Nani anahitaji matembezi? Kocha Elena hahesabu matembezi.

Nilikutana naye sokoni. Nikamwambia, "Mke wangu anakimbia, ni saa tu." Akacheka, akasema, "Kila mume hapa Arua ana mke anayekimbia." Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwamba rekodi zako za Mei zilikuwa nzuri, kwamba angependa kukuchukua, lakini orodha ikifungwa imefungwa, maana wengine wana saa kama yako na wanaishi Omugo na Vurra ambako mtandao si bora kuliko kwenu.

Nimekwenda kuangalia hizo nyumba za klabu kwa nje. Zina vibaraza. Nikakuona umekaa kibarazani unavua viatu, miguu ina vumbi, unaniita nilete maji. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaniuliza natafuta nani.

Futa, mpenzi wangu. Futa leo.

Mlinzi wa kibaraza chako,
Lukudu


Abuku
14 Juni 2025

Lukudu wangu mpendwa,

Siwezi kuyafuta.

Niliketi nimeshikilia kitufe cha juu na swali likatokea, na kidole changu kikakataa. Usinikasirikie. Yale matembezi si kitu cha kufuta. Nilifikiri kuyachora kwenye karatasi kwanza, lakini njia ile haina hata kichwa cha kuanzia, ni mashamba, vichaka, mawe yanayofanana. Saa peke yake ndiyo inayoijua.

Niulize kitu kingine chochote nitakujibu. Niulize nilichokuwa nawaza wakati kwaya ilipotuimbia tukitoka kanisani. Niulize kwa nini nilikataa wale wengine waliokuja kwa baba yangu na pikipiki. Hili moja usiniulize sasa. Litakufikia, lakini si kwa mdomo wangu.

Najua tarehe. Naikumbuka ninapoamka.

Wako, na usisahau kwamba ni wako,
Driwaru


Arua
16 Juni 2025

Driwaru,

Barua yako nimeisoma mbele ya mzee Anguzu, na aliona uso wangu. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana. Ndipo akaniambia jambo ambalo alikuwa hajaniambia.

Mwisho wa Mei alileta barua yangu hapo nyumbani, asubuhi. Hakukuta mtu. Jiko baridi. Akaenda kushusha sementi, akarudi alasiri, bado hakuna mtu, akamwachia jirani bahasha. Jirani akamwambia mmetoka alfajiri.

Sikuwahi kuuliza, kwa sababu sikujua kulikuwa na kitu cha kuuliza. Sasa najua kulikuwa na kutwa nzima. Mke wangu anatembea kutwa nzima mahali ambapo hapana njia, hayaandiki kwenye barua zake, na anayapenda matembezi hayo kuliko chumba cha kuishi na mimi. Mimi ningefikiri nini? Wewe ungefikiri nini?

Tuliahidiana kwamba karatasi haitadanganya. Tulikuwa watoto wa shule, lakini mimi niliahidi kweli.

Draku ananiambia niache, wanawake wana mambo yao. Nimemwambia afunge mdomo.

Ijumaa ni karibu. Fanya unavyoona.

Lukudu


Abuku
18 Juni 2025

Lukudu,

Umeandika jina langu peke yake, bila kitu mbele wala nyuma. Nimeligeuza na kuligeuza nikitafuta lile "wangu" na sikuliona. Sikujua jina la mtu linaweza kuwa na baridi.

Nakuambia kile ninachoruhusiwa kukuambia. Siku ile aliyevaa saa si mimi. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba maji na viazi. Karatasi haijadanganya, imenyamaza tu, kwa sababu niliombwa inyamaze na mtu ambaye wewe mwenyewe hungekubali nimkatalie.

Nimeamua hivi. Kesho asubuhi nakwenda kwa Abdunoor na sitatoka. Simu itakuwa kwenye chaji, saa pembeni yake, na Abdunoor ameahidi kumwomba jirani asichomelee vyuma mpaka nimalize. Matembezi yapite kwanza, yote, hadi mwisho wake. Mbio zangu zitafuata zikipata nafasi. Kama hazitamfikia Elena kabla hajafunga orodha, basi. Nimelia kwa ajili ya kile kibaraza, usidhani sikulia. Ulikielezea vizuri mno.

Mstari ukifika kwenye simu yako, uangalie vizuri kabla ya kuniandikia tena.

Bado mke wako,
Driwaru


Abuku
21 Juni 2025

Lukudu, mutoto yangu,

Mimi nasema, Driwaru anaandika. Nimemwambia asitengeneze maneno yangu, aache hivi natoka.

Mimi iko mzima. Magoti tu ndiyo nasumbua.

Nimesikia barua yako ya hasira. Driwaru hakutaka kunisomea, mimi nimeona yeye anapika na machozi naingia kwa chungu, nikasema lete hiyo karatasi, soma. Akasoma. Sasa wewe nisikie mimi.

Watu yote naniita Mama Kiden. Wewe pia unajua Kiden ndiye mukubwa yenu. Kiden ni wa pili. Wa kwanza alikuwa kijana, jina yake Jada. Mimi ni Mama Jada.

Ile wakati ya kukimbia vita, mimi nilikuwa musichana tu, na Jada mugongoni. Tulitoka hapa Abuku watu mingi, na mbuzi, na vitanda juu ya kichwa. Jada alikuwa na homa. Alikuwa nalia, mimi naimba, tunatembea. Kisha akaacha kulia, nikafurahi, nikasema amelala. Karibu na mto mudogo, mbele ya kufika mupaka, nikasikia mugongo yangu iko baridi.

Baba yako alichimba na panga. Watu walikuwa nasema twende, twende. Hatukuweka jiwe. Tuliendelea.

Tuliporudi nyumbani miaka ingine, Baba yako akasema tusitaje yeye tena, ili watoto wenye nakuja wabaki, wasikufe. Mulikuja, mulibaki, mimi nikaona amesema kweli, nikanyamaza. Sasa Baba yako hayuko. Ile mahali najua mimi tu. Na magoti nakwisha.

Kwetu, bibi mupya anaonyeshwa makaburi ya nyumba. Nilionyesha Driwaru ya baba yako, na ya babu yako. Akapiga magoti vizuri. Nikaona, kama sionyeshi hii ingine, nimeonyesha yeye nyumba nusu. Na nilikuwa nimeona saa yake. Nikauliza, "Hii kitu inaweza kukumbuka njia?" Akasema, "Ndiyo, Mama." Nikauliza, "Hata kama mutu amesahau?" Akasema, "Ndiyo, Mama." Nikasema, "Basi nivalishe mimi."

Tulitafuta mpaka jua likawa upande ingine. Mashamba imebadilika, miti imekatwa. Lakini mto haikuhama. Nilisikia maji, nikajua.

Mimi nilimwambia anyamaze, nitakuambia na mudomo yangu ukija. Mudomo ndiyo ilikawia, siyo yeye. Bibi yako ni mutu. Usimwandikie tena barua baridi, mimi nitakuja Arua na haya magoti yangu nikupige mbele ya mabati yako.

Mama yako

Lukudu, hapa ni mimi, Driwaru. Mama ameenda kulala, kwa hiyo nimeongeza haya mwenyewe. Matembezi yalipita Alhamisi jioni, Abdunoor akapiga makofi na duka zima likapiga makofi bila kujua kwa nini. Nikangoja mbio. Mtandao ukaondoka Ijumaa kutwa, mvua ilikuwa kubwa. Zimepita leo asubuhi, zote, moja baada ya nyingine, haraka kama kuku wanaotoka bandani. Elena amejibu kwa upole. Ameziona, ni nzuri, lakini orodha aliifunga jana kama alivyosema. Nijaribu msimu ujao.


Arua
24 Juni 2025

Driwaru wangu, wangu, wangu,

Nimeliandika mara tatu ili lifidie lile lililokosekana. Kama halitoshi niambie, karatasi ipo.

Mstari ulifika kabla ya barua ya Mama. Niliufungua Alhamisi nikiwa na hasira bado, nilitaka kuona ulikokwenda. Ukatoka nyumbani, ukaenda polepole sana, nikajua mara moja kwamba huyo si wewe, wewe hujui kwenda polepole namna hiyo. Ukazunguka kwenye mashamba, ukarudi nyuma, ukajaribu upande mwingine, kama mtu anayepapasa gizani. Halafu ukasimama. Chini yake kulikuwa na moyo. Mahali pengine pote moyo huo ulikwenda taratibu, na pale uliposimama, pale ambapo hakuna hatua hata moja, moyo ulipanda kama wa mtu anayekimbia kilima cha Arua. Ukakaa juu hivyo muda mrefu. Sikuelewa. Niliweka kidole changu hapo kwa mazoea, kisha nikakiondoa, nikihisi nimegusa kitu cha mtu.

Leo mzee Anguzu ameniletea sauti ya Mama kwenye karatasi, na sasa naelewa. Nimefunga duka mchana. Nilimwambia mwenye duka kwamba nina msiba. Akauliza nani. Nikasema, "Kaka yangu mkubwa." Akasema hakujua nina kaka mkubwa. Nikasema hata mimi.

Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda nikijaribu kukumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mama alivyokuwa akitubeba. Alikuwa na tabia moja, sijui kama Kiden anaikumbuka: akimbeba mtoto mgongoni anazungumza naye njia nzima, na mtoto akinyamaza anamtikisa kidogo. "Unalala? Nijibu." Wageni walimcheka kwa hilo. Mimi nilikuwa nakasirika, nilitaka kulala. Nilidhani ni mchezo wake.

Nisamehe, mke wangu. Nilikusoma vibaya mimi ambaye nimekusoma miaka yote hii. Ulikuwa umeweka kidole juu ya kitufe, na upande mmoja ni kibaraza chetu, na upande wa pili ni mtoto ambaye hakuna mtu mwingine duniani anajua alipolala, na hukubonyeza. Na mimi nikakuandikia jina tupu! Nimekuoa nikidhani najua nilichopata. Sikujua hata robo.

Nilikwenda kwa Elena, si kumbembeleza, nilitaka tu ajue kwamba ulikimbia kila siku. Akasema alijua alipoziona zote zimeingia pamoja. Akaniuliza ile ya kwanza, ile ndefu ya polepole, ilikuwa ya nini, maana aliiona naye. Nikamwambia hiyo ni ya nyumbani. Hakuniuliza tena. Alisema msimu ujao anaanza kuangalia rekodi mwezi wa tisa. Basi tutakaa hivi kwa muda, na Draku ataendelea kukoroma. Nitavumilia. Nimeona mtu aliyevumilia.

Mstari nimeuweka salama. Nimeupeleka kwa Kiden, na kwenye simu ya Draku pia bila kumweleza ni nini, na muuzaji wa saa ameniwekea mahali pengine ambapo simu ikifa hautapotea. Sasa hata saa ikichoka, njia ipo.

Mwambie Mama asiende huko bila mimi, na asijaribu kutembea. Nimeongea na mtu wa pikipiki hapo Koboko, atatupeleka mpaka njia inapoishia, na kutoka hapo nitambeba Mama mgongoni. Atakataa, atanitukana kwa Kikakwa, wewe usitafsiri uso wake, mwachie mimi. Wewe utatangulia umevaa saa, uufuate ule mstari, maana mimi sitakuwa na mikono ya kushika simu. Tukifika kwenye maji, nitamshusha na kurudi nyuma yenu wawili. Sitasema kitu. Kwetu mdogo hajitambulishi mwenyewe kwa mkubwa, husubiri mzazi amtaje. Nataka Mama anitaje.

Nimeshapewa ruhusa. Jumamosi, kabla mwezi huu haujaisha, nakuja.

Lukudu wako